Sura ya Tisa: Kipoza Kisichopoza

Mashine ilizima tena. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi, na mara zote nne ilifanya mambo yaleyale: taa ya bluu iliwaka, feni ikavuma, kioo kikaleta picha ya nyumba yenye madirisha ya kijani, kisha kabla Sajenti hajamaliza kusoma namba ya kielelezo kwa sauti, kioo kikawa cheusi na feni ikanyamaza.

"Imekata kamba," alisema Sajenti.

"Kilichokata kamba hakiwaki," Inspekta alimjibu. "Iwashe tena, na safari hii tazama saa."

Sajenti aliwasha, akatazama saa. Dakika mbili na sekunde thelathini na tano.

Kituo kizima kilimwita Inspekta kwa jina la Rudia. Mwanzoni walimwita hivyo kisogoni, baadaye mbele ya uso wake, na mwenyewe akaitika. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaketisha mashahidi kwenye kiti cha mbao, anawasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema neno hilo moja. Shahidi mkweli alirudia kwa kuchoka, akichanganya mambo madogo. Mwongo alirudia kwa ufasaha. Rudia alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na hasira fupi kwa watu wote wanaosema "nadhani".

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu, mchora ramani za nyumba, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Jioni ya Alhamisi iliyopita alikutwa amelala kifudifudi kwenye chumba chake cha kazi, kisogo kimevunjwa. Aliyemkuta ni mumewe, fundi rejeta. Na aliyemtia pingu huyo mume, kesho yake asubuhi, mbele ya mama mkwe wake na majirani wa ghorofa nzima, ni Rudia mwenyewe.

Sababu alikuwa nazo, tena za kutosha. Daktari wa maiti alipiga picha jeraha akaweka rula pembeni: mistari kumi na moja myembamba, imepangana sambamba, kana kwamba mtu amepigwa kwa kitana cha chuma. Rudia aliitazama picha hiyo nusu saa, halafu akakumbuka rejeta za magari, zilivyojaa vibati vyembamba. Karakana ya mume ilikuwa na rejeta mbovu thelathini na nne. Moja ilikuwa na damu. Jirani alisikia mke na mume wakigombana asubuhi ya siku hiyohiyo. Mambo yakakaa sawa, yakakaa sawa mno, na kila mtu kituoni akampongeza.

Juzi maabara ilijibu kwamba damu ile ni ya fundi mwenyewe. Wanaofanya kazi ya rejeta hukatwa vidole kila wiki, na ukimwuliza yeyote kati yao atakuonyesha. Mkuu wa kituo alisema hilo halibadilishi kitu. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka siku hiyo, Jumatano, saa tisa alasiri. Kesho yake fundi angesomewa shtaka la kuua na kupelekwa gerezani kusubiri kesi, na kusubiri huko kungeweza kula miaka mitatu.

Na kompyuta? Kompyuta ilikuwa karaha tu ya stoo. Kaka wa marehemu, mkufunzi wa ufundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja, alikuwa ameandika barua mara tatu ndani ya siku tano, akiomba irudishwe kwa familia kama kumbukumbu. Barua zilikuwa za adabu na hazikuwa na kosa hata moja. Mtaalamu wa polisi alikwisha kuchomoa diski siku ya tukio, akanakili mafaili yote, akairudisha ndani bila hata kuiwasha mashine. Hivyo hapakuwa na sababu ya kuizuia. Lakini kanuni ya stoo inasema kifaa hakitoki mpaka kijaribiwe mbele ya maofisa wawili, maana raia akirudishiwa kibovu atadai polisi ndio waliokiharibu. Maofisa wengi hutia saini tu bila kujaribu. Rudia hakuwa mtu wa kutia saini tu.

"Kaka mtu anakuja saa saba kuichukua," alisema Sajenti. "Tukimpa hii atatushtaki. Mtu anayeandika barua kama zile atatushtaki."

"Basi beba. Tunakwenda kwa Daktari."

* * *

Daktari hakuwahi kutibu mtu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye duka la upana wa mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza vitambaa, na mtaa mzima ulimpelekea kompyuta zake zilizougua. Mezani kwake palikuwa na taa yenye shingo ndefu, kopo la bisibisi, brashi ya rangi ya kufutia vumbi, na maandishi ukutani kwamba hakopeshi hata ndugu. Alimwondoa mteja aliyekuwepo kwa kumwambia arudi kesho, akafunga pazia.

"Inawaka, inakaa dakika mbili na kitu, inazima," Rudia alieleza.

"Ukiiacha ikapumzika inawaka tena?"

"Inawaka."

"Basi ina homa." Daktari alikuwa na mizaha ya namna hiyo, na aliwatoza wateja wote kuisikiliza. "Kila kompyuta ina prosesa, afande. Ndiyo inayofikiri, na ikifikiri inapata moto. Juu yake huwekwa kipoza cha kunyonya ule moto. Moto ukizidi, mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Mengine tutayaona ndani."

Alifungua skrubu mbili za nyuma, akavuta bati la ubavuni. Ndani kulikuwa kusafi, na katikati kilisimama kipoza kikubwa kuliko Rudia alivyotegemea: mnara wa vibati vya bati jeupe, urefu wa shibiri, umechomwa kwa mirija minne ya shaba, na feni imening'inizwa ubavuni.

"Hiki si cha kiwandani," alisema Daktari. "Hiki mtu amekinunua mwenyewe, tena kizuri. Mashine yenye kipoza hiki haina haki ya kupata homa."

Rudia alilijua hilo. Lilikuwa kwenye maelezo ya kaka mtu, ukurasa wa pili. Katika ghorofa alipokaa marehemu kuna mlinzi aliyewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya runinga iliyoibwa, na tangu siku hiyo anaandika kila mzigo unaoingia na kutoka, hata mto wa kulalia. Watu haandiki, mizigo tu. Kwenye daftari lake Alhamisi ilisomeka: saa nne na dakika kumi asubuhi, kaka wa namba saba, boksi moja, feni ya kompyuta. Kaka mtu alipoulizwa alikubali bila kusita. Alisema alimletea dada yake kipoza kipya, akakifunga mwenyewe, akaijaribu mashine, ikaenda vizuri, akaondoka saa sita akimwacha dada yake anafanya kazi. Rudia alimwambia arudie. Alirudia kwa ufasaha.

Rudia aliona aibu sasa, amesimama katika duka la mtu, kwa sababu ufasaha ule aliusikia na akaupuuza. Siku hiyo alikuwa na rejeta thelathini na nne kichwani.

Daktari aliingiza bisibisi ndefu kati ya feni na bodi. Alilegeza skrubu moja, akahamia ya kona inayoielekea, kwa mkingamo, akarudi ya kwanza. Kisha alikishika kipoza kwa vidole vya mikono miwili, akakizungusha kidogo kulia, kushoto, akakivuta. Alikipindua. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta mwenziwe amevaa viatu kombo.

"Ah, masikini. Nani kakifunga hiki?"

"Kuna nini?"

"Njoo chini ya taa."

Chini ya kipoza, pale kinapogusana na prosesa, palikuwa na kipande cha nailoni nyororo, angavu kama maji. Ilikuwa na ulimi mdogo mwekundu pembeni na maandishi yaliyosema ibanduliwe kabla ya kutumia. Dawa nyeupe ya kupitisha joto ilikuwa imebanwa juu ya nailoni hiyo.

"Kiwandani wanaibandika ili uso wa shaba usichubuke," alisema Daktari. "Unatakiwa uitoe. Usipoitoa, ni sawa na kumvika mtu mwenye homa koti la mvua. Kosa la wanafunzi hili."

"Aliyekifunga ni mkufunzi wao."

Daktari aliacha kucheka.

Rudia alivuta kigoda akakaa. "Daktari, sikiliza vizuri, usijibu haraka. Tuseme mtu alikifunga hiki saa tano asubuhi, na nailoni yake chini. Mwenye mashine angeweza kuchora ramani mpaka saa tisa?"

"Haiwezekani."

"Kwa kuiwasha na kuizima?"

"Ramani za nyumba? Kule kuchora kwenyewe ndiko kunakochemsha. Angepata dakika mbili, halafu asubiri ipoe. Hata mstari hamalizi." Alimtazama. "Mmeona wenyewe asubuhi hii, na hapo hamkuwa mnafanya kitu."

Faili la mwisho la marehemu lilihifadhiwa kwenye diski saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kabla ya hapo alilihifadhi mara kumi na saba, kila robo saa au karibu, tangu saa tano. Mteja wake alizungumza naye kwa simu saa tisa na robo na alimsikia akibofya huku wanaongea. Hayo yote yalikuwa kwenye jalada, yamepigwa chapa vizuri, na hakuna aliyeyaona yana maana.

"Kwa hiyo kilifungwa baada ya saa tisa na dakika ishirini," alisema Sajenti polepole.

"Na daktari wa maiti anasema saa kumi na moja hakuwa hai tena," alisema Rudia. "Sasa kwa nini mtu afunge feni ya kompyuta, alasiri ile, chumba kile? Daktari, usikiguse zaidi. Sajenti, nipe picha."

Sajenti alitoa ile picha ya jeraha. Daktari aligeuza uso wake ukutani, akasoma maandishi yake mwenyewe kuhusu kukopesha.

Rudia alivaa glavu, akakilaza kipoza kwenye karatasi nyeupe, akaweka rula. Vibati vilikuwa vimepishana milimita mbili. Kwenye picha, mistari ilipishana milimita mbili. Vibati vya rejeta hukunjwa kwa mawimbi kati ya mirija. Hivi vilinyooka kama mistari ya daftari, na mistari ya picha ilinyooka. Pembeni ya jeraha kulikuwa na alama mbili za mviringo ambazo daktari wa maiti aliziandika kwa uaminifu, "vidoa viwili, milimita sita, chanzo hakijulikani", na ambazo Rudia aliziruka kwa kuwa hazikufanana na kitu chochote cha rejeta. Juu ya mnara, ile mirija ya shaba ilichomoza ncha zake, mviringo. Alipima moja. Milimita sita.

Kona ya juu ya mnara, vibati kadhaa vilikuwa vimepinda, na mtu alijitahidi kuvinyoosha kwa kitu chembamba. Kipoza kilikuwa kimeoshwa. Lakini nafasi ya milimita mbili si rahisi kuosha, na chini ya taa ya Daktari, ndani kabisa, palikuwa na rangi ya hudhurungi na unywele mmoja.

"Mungu wangu," alisema Sajenti. "Siku sita kiko stoo kwetu."

"Asingeweza kukitoa nje, mlinzi angekiandika. Akakiweka mahali pake." Rudia alivua miwani. "Na mimi nikaenda kukusanya rejeta."

* * *

Mkufunzi alifika saa saba kamili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, kalamu mbili mfukoni. Alimshika mkono mama yake, bibi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, akamketisha kwenye benchi la ukumbini na kumwekea mkoba mapajani.

"Mama, dakika mbili tu. Natia saini tunaondoka."

"Usisahau kuwauliza kama inawaka," alisema mama.

Rudia alimpokea kwa upole, akamwonyesha kiti cha mbao. Mezani palikuwa na mashine imefunikwa kitambaa, na Sajenti amekaa na karatasi.

"Mkufunzi, nisaidie kitu kimoja cha kiofisi. Fomu inataka tuandike matengenezo yaliyofanywa siku ya tukio. Mimi kompyuta naijua kwa kuipiga makofi tu. Sajenti ndiye mbaya zaidi. Ulivyofunga kipoza, hatua kwa hatua, kama unavyofundisha."

Mkufunzi alitabasamu. Watu wa kazi yake hawajui kukataa ombi hilo.

"Ni kazi ndogo. Unachomoa umeme, unailaza mashine ubavu. Unatoa kile cha zamani. Unafuta dawa ya zamani kwa kitambaa na spiriti mpaka ing'ae. Unaweka tone jipya katikati, ukubwa wa punje ya mchele, si zaidi. Unakikalisha kipoza, unakaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili kikae sawa. Mwisho unachomeka waya wa feni."

"Rudia hapo, kati ya dawa na kukikalisha."

"Ah, ndiyo, kabla ya hapo unabandua nailoni ya chini. Kila muhula lazima mmoja aisahau. Mashine inachemka, inazima, anakuja kwangu machozi yanamtoka anadhani ameunguza bodi. Nawaambia hiyo nailoni ndiyo mtihani wenyewe."

"Ikisahaulika, mashine inakaa muda gani?"

"Dakika mbili, tatu."

"Haiwezi kukaa muda wa saa nne, mtu anachora?"

"Haiwezi kukaa hata robo saa, afande."

"Sajenti, umeandika?"

"Nimeandika, afande. Robo saa."

"Na hiki ulikifunga wewe. Hakuna mwingine aliyekigusa."

"Nilikwishasema. Kwa mikono yangu, asubuhi, kabla ya saa sita."

Rudia aliondoa kitambaa. Mashine ilikuwa wazi ubavuni, katikati tupu. Kisha alitoa mfuko wa vielelezo kutoka kwenye droo, akauweka mezani, kipoza ndani yake kimepinduliwa, uso juu. Ulimi mwekundu ulionekana vizuri.

Mkufunzi alitazama. Kwa muda hakuna kitu kilichotokea usoni mwake. Halafu mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe, kidole gumba na cha shahada vimebana, ukaenda moja kwa moja kwenye ule ulimi kupitia plastiki ya mfuko, kama alivyofanya mbele ya wanafunzi miaka kumi na moja. Sajenti alimshika kifundo cha mkono akaurudisha mezani.

"Alikuwa anachora mpaka saa tisa na dakika ishirini," alisema Rudia. "Kwenye mashine hii hii."

"Labda alikitoa akakirudisha mwenyewe."

"Na hivi vibati alivipinda mwenyewe? Na unywele wake aliuweka ndani mwenyewe?" Alisukuma picha ya jeraha mbele yake. "Hivi vidoa viwili ni vya nini, Mkufunzi? Wewe ndiye unayefundisha."

Hakuitazama picha. Alianza kuzichomoa kalamu mfukoni, akazipanga mezani, akazirudisha.

"Kilikuwa ndani ya boksi," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ileile ya kufundisha. "Asubuhi sikukifunga. Tuligombana, nikaondoka. Nilirudi alasiri kumbembeleza. Alikuwa amenipa mgongo, anazima mashine. Boksi lilikuwa wazi mezani."

"Mligombania nini?"

Rudia alifungua jalada, akatoa nakala ya hati iliyokutwa kwenye mafaili ya marehemu. Ilikuwa hati ya kiwanja cha nyumba ya mama yao. Alikwisha kuiona wiki iliyopita. Jina lililoandikwa ni la mtoto wa kiume, na Rudia aliona ni jambo la kawaida, akageuza ukurasa.

"Alikuwa anamchorea mama chumba cha chini, asipande ngazi tena," alisema Mkufunzi. "Akahitaji vipimo vya kiwanja, akaenda kutafuta hati. Akaona jina langu. Mama alitia alama ya kidole miaka miwili iliyopita. Nilimwambia ni fomu ya hospitali ya macho."

"Nawe ulitaka kuiuza nyumba."

"Nilikwisha kuiuza. Wanunuzi wanaingia mwezi ujao. Nilimwambia dada nipe muda. Akasema hanipi hata wiki, Jumamosi anamwambia mama. Nilimwomba, afande. Nilipiga magoti. Hakugeuka. Akasema, 'Mama atajua amezaa nini.' Basi."

"Halafu?"

"Halafu nikakiosha. Mlinzi yule hata mfuko wa taka anafungua. Nikafikiri, kitu hiki mahali pake ni ndani ya kompyuta, nani atauliza? Cha zamani nikakitia kwenye boksi, hiki nikakifunga vizuri. Skrubu zote, mkingamo." Alitazama tena ule ulimi mwekundu, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Sijawahi kuisahau. Hata siku moja sijawahi kuisahau."

Rudia alimchukia wakati ule, waziwazi, kwa sababu alilia kwa ajili ya nailoni. Alimsomea haki zake taratibu, akamwambia Sajenti aandike kila neno, kisha akatoka kwenda kwa mkuu wa kituo na zile karatasi. Mkuu alizisoma akiwa amesimama. Alitia saini ya kumwachia fundi rejeta saa tisa kasorobo, akasema tu kwamba ingependeza zaidi kama haya yangejulikana kabla ya mazishi.

* * *

Mama alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Imewaka?" aliuliza aliposikia hatua.

Rudia aliketi pembeni yake. Ijumaa iliyopita alimwambia mama huyu kwa kinywa chake kwamba mkwe wake ndiye muuaji, na alilisema kwa uhakika, akijua kwamba uhakika huwasaidia wafiwa. Sasa alimwambia lililo kweli. Alilisema lote, kuanzia kiwanja na kidole mpaka kipoza, kwa maneno machache, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kulisema.

Mama hakupiga kelele. Aligeuza kichwa upande wa mlango ambako mwanawe aliingilia, akabaki hivyo.

"Rudia," alisema.

Haikuwa kwa kumwita jina, hakulijua. Rudia alirudia. Safari ya pili ikambidi asimame katikati.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Fundi rejeta alitoka akiwa amekonda mashavu, vidole vina plasta chafu, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda alikuwa bado hajarudishiwa. Alipomwona mama mkwe wake alisimama mbali, mahali ambapo asingeweza kumgusa.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Walikuruhusu umwone? Kabla hatujamzika?"

"Hapana, mama."

"Afande aliniuliza kama uletwe, walau na pingu. Nilikataa mimi. Nilisema usikanyage."

"Najua, mama. Waliniambia."

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye shida zao, na wote waligeuka kutazama. Fundi alipandisha suruali yake.

"Nataka kwenda alipo," alisema. "Niambie tu ni wapi, nitakwenda mwenyewe. Sitakusumbua."

Mama alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena, kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Sijui, baba," alisema. "Siku ile nilishikwa mkono. Nikaambiwa simama hapa, nikasimama. Nikaambiwa tupa udongo, nikatupa. Aliyenishika ndiye anayejua."

Ndani ya chumba cha mahojiano Sajenti alisikika akisoma maelezo kwa sauti, na sauti ya mkufunzi ikimsahihisha tarehe.

"Mimi nilikuwepo," alisema Rudia.

Alikuwepo kweli. Alisimama nyuma ya waombolezaji, kama ilivyo desturi ya kazi yake, akiangalia nani analia na nani halii. Jioni ile aliandika kwenye daftari kwamba kaka wa marehemu hakuuachia mkono wa mama yake hata mara moja. Aliandika pia kwamba ni mtoto mwema.

"Ni safu ya nne kutoka ukutani," alisema. "Nitawapeleka."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na msamaha wowote. Alimwinamia mama mkwe wake, akamshika mkono, akamsimamisha.

"Tangulia," alimwambia Inspekta.